Babu Alivyofufuliwa Getini

Jumatatu, tarehe 3

Tisini na sita! Matokeo ya mtihani wa nadharia wa kufufua moyo na mapafu yamebandikwa mlangoni na jina la kwanza ni langu. Nimesimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Kinyozi kapata hamsini na moja. Wa pili kutoka mwisho. Huyu ni mwanafunzi mwenzangu, alikuwa ananyoa watu kabla ya kuja kusomea uuguzi, na mpaka leo akizungumza nawe anakutazama kichwani badala ya machoni. Nilimpa pole kwa sauti ambayo darasa zima lingeisikia. Akanishukuru kwa moyo mkunjufu. Mtu hata kusimangwa hajui!

Mchana, majaribio ya vitendo. Hapo dunia ikanigeuka. Tuna sanamu moja ya kufanyia mazoezi ya kufufua, ya mpira, mwili mzima, yenye uso wa mtu aliyechoka kusubiri foleni. Tunamwita Babu. Kifuani ana taa. Ukikandamiza sawasawa inawaka ya kijani, ukikosea nyekundu. Kwangu ilikuwa nyekundu mwanzo hadi mwisho. Kisha zote zikazimika. Nadhani Babu alikata tamaa.

Sista Mkufunzi, anayetufundisha vitendo, ana saa ndogo inayoning'inia kwenye sare yake na hana huruma hata ya kukopesha. Alitangaza mbele ya wote kwamba mgonjwa wangu amekufa mara mbili, na kwamba mara ya pili nimemuua mimi.

Kinyozi akafuata. Kijani, kijani, kijani. Dakika mbili nzima, huku anatabasamu.

Mtihani wenyewe ni Jumatatu ijayo. Atakayeshindwa haendi wodini na wenzake, anarudia muhula pamoja na wageni wa mwaka wa kwanza. Na mama ameshapiga pasi sare yangu nyeupe ya wodini, akaitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akiingia lazima aipishe. Nikirudia muhula, sare ile itanitazama miezi sita kila nikila chakula. Haiwezekani.

Nahitaji mbinu.

Jumanne, tarehe 4

Mbinu nimeipata! Nimeichunguza karatasi ya alama anayotumia Sista. Hatua nyingi za mwanzo ni za kusema! Hakikisha eneo ni salama, na useme. Mwite mgonjwa. Omba msaada kwa sauti. Sasa kusema si ndiyo kazi yangu? Mtu akizoa alama zote za mdomo, mikono inabaki pambo tu.

Nikaijaribu leo kwenye mazoezi. Nilisimama mbele ya Babu, nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikatangaza kwamba hakuna waya wa umeme, hakuna maji sakafuni, hakuna gari linalokuja. Tulikuwa ghorofa ya pili. Nikaeleza kwa nini ubongo hauwezi kukosa hewa zaidi ya dakika chache. Nikataja kina cha kukandamiza, sentimita tano bila kuzidi sita, na sababu zake. Darasa kimya. Nilijua nimewashika.

Sista akatazama saa yake, akauliza kama nimemaliza. Nikasema huo ulikuwa utangulizi. Akasema utangulizi umechukua dakika tatu na nusu, na kwamba mgonjwa amekwenda zake akiwa ameelimika sana.

Darasa lilivunjika mbavu. Kinyozi naye alicheka, ila baadaye alinishika bega akasema yale maelezo ya ubongo yamemsaidia, sasa ndiyo ameelewa. Anajipendekeza. Mimi simo.

Jumatano, tarehe 5

Dada yangu ameolewa na mwoka mikate. Kwa nini sikulifikiria mapema? Donge la unga lina ulaini wa kifua! Asubuhi nikaenda kwa shemeji, nikamwambia nimekuja kumsaidia. Alishtuka, maana hajawahi kuniona nikibeba hata trei. Akanipa meza ya pembeni na donge kubwa.

Kandamiza thelathini, pumzi mbili. Kandamiza thelathini, pumzi mbili. Kwenye pumzi nilikuwa nainama na kulipulizia donge kwa mbali, kwa ajili ya usafi. Mteja mmoja aliingia nikiwa kwenye pumzi. Akatoka bila kununua. Akarudi na mwenzake ili naye ashuhudie.

Shida ya donge ni moja: halirudi juu. Ukilikandamiza linabaki hukohuko chini, limenuna. Na kifua cha mtu lazima ukiache kipande tena kabla ya kukandamiza upya, maana hapo ndipo moyo unapojaa damu. Hilo nililiandika vizuri kwenye nadharia na nikapewa alama zote. Mikono yangu nadhani haikuwepo siku ile.

Saa nne nilikuwa nimehudumia mikate arobaini. Haikuumuka hata mmoja. Shemeji ni mpole, hakunifokea. Alimpigia tu dada simu akamuuliza kama niko salama kichwani. Dada akampigia mama. Mama akanipigia mimi, akasema kama uuguzi umenishinda nimwambie, yeye ndiye aliyenizaa. Nikamwambia haujanishinda. Kabla hajakata simu nikamsikia akimwambia jirani kwamba mwanawe yuko kazini, anaokoa watu.

Nilikaa kwenye magunia ya unga kidogo. Roho iliniuma, siwezi kusema uongo kwenye shajara yangu mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6

Chumba cha mazoezi kimejaa. Kila mtu amepangiwa robo saa na Babu, na kila robo saa Kinyozi yupo, anawaelekeza wenzake. Inua kiwiko, shusha bega. Kama bado yuko kwenye kiti chake cha kunyolea!

Aliniita pembeni. Akasema yeye atarudia nadharia Jumatatu hiyohiyo, na akishindwa naye haendi wodini. Akapendekeza tubadilishane: mimi nimfundishe karatasi, yeye anifundishe mikono. Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu. Mwenye tisini na sita afundishwe na mwenye hamsini na moja? Nitamwangalia usoni vipi?

Lakini robo saa haitoshi. Mimi namhitaji Babu siku mbili nzima, nyumbani, mlango umefungwa, asiwepo wa kucheka. Sista haazimishi. Basi itabidi Babu ajitoe mwenyewe.

Nimekaa karibu na geti mchana kutwa nikichunguza. Chuo chetu kimeshikana na hospitali na geti ni hilo moja. Wagonjwa wanatolewa hapo kwenye viti vya magurudumu siku nzima, na Mlinzi hawaulizi chochote. Anawasalimia tu na kuwatakia afya njema.

Umeona? Ni koti na shati la mjomba tu, kofia, barakoa, glavu za sufu na blanketi. Nimecheka peke yangu mpaka mtu wa benchi jirani akahama.

Ijumaa, tarehe 7

Lazima niandike yote.

Saa saba, chumba cha mazoezi kitupu, wote wamekwenda kula. Nilimvika Babu. Alipendeza! Kwa koti lile alionekana mstaafu wa posta. Nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, nikamfunika blanketi, nikamsukuma kwenye korido. Muuguzi mmoja alinipisha. Mwingine akanisifu kwa kumfunika mzee wangu vizuri. Nilianza kuvimba kichwa.

Getini, Mlinzi akasimama kwa adabu zote. Akamwamkia Babu shikamoo.

Babu kimya.

Hili sikulipanga. Nilipanga barakoa, nilipanga glavu, sikupanga marahaba! Nikasema mzee hasikii vizuri. Mlinzi akainama sikioni kwa Babu akarudia shikamoo kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Kimya. Nikasema pia hawezi kuzungumza. Mlinzi akanitazama, akamtazama Babu, akasema yeye amelinda geti hili miaka mingi na hata mabubu humwitikia kwa mkono. Akadai karatasi ya ruhusa kutoka wodini.

Nikasema naifuata. Nikamwacha Babu kando ya benchi, nikakimbia hadi nyuma ya jengo, nikachana ukurasa wa daftari, nikajiandikia ruhusa. Hata mwandiko nilioutumia ulikuwa mbaya kama wa daktari. Dakika tano tu!

Niliporudi, bibi mmoja mwenye kikapu alikuwa ameketi benchini karibu na Babu, anampigia soga. Anamweleza habari za magoti yake, na za mkwe wake asiyejua kupika. Babu anamsikiliza, ametulia. Bibi akanigeukia akasema nimepata mzee mstaarabu, siku hizi wanaume hawasikilizi. Nikashukuru. Nikashika kiti nisukume.

Ndipo Bibi, kwa kumuaga, akamvua glavu ili amshike mkono.

Yowe alilopiga sijapata kulisikia. Baridi! Mkono wa baridi! Mzee amekufa, jamani, mzee wa watu amekufa mikononi mwangu! Wakaja watu. Walitoka wapi wote wale? Wenye dawa mkononi, wenye watoto mgongoni, mafundi wa bomba, na darasa langu lote, linatoka kula.

Ningesema ni sanamu. Sentensi moja tu. Lakini kusema ni sanamu ni kusema nimeiba, na kuiba ni kufukuzwa, si kurudia muhula tu. Kwa hiyo mwili wangu ukaamua bila kuniuliza. Nikamshusha Babu chini, nikamfungua koti. Nikapiga magoti. Nikaanza kumfufua.

Sikutangaza eneo salama. Sikusema utangulizi. Sikusema kitu. Hofu ilikuwa imeninyang'anya ulimi, imebaki mikono. Moja, mbili, tatu. Viwiko vimenyooka vyenyewe kwa woga. Na pale, chini ya shati, kwenye kitambaa chembamba, mwanga ukachomoza.

Kijani.

Bibi akapiga magoti. Akasema roho inarudi, maajabu haya atayaona wapi tena! Watu wakaanza kupiga makofi kwa kila mkandamizo. Mimi nauona mwanga kifuani mwa Babu, kijani, kijani, kijani, na jasho linanidondoka puani. Sijawahi kufurahi hivi na kuogopa hivi kwa wakati mmoja!

Kinyozi akapenya, akapiga magoti upande wa pili. Akatazama kichwa cha mgonjwa, kama kawaida yake. Kofia ilikuwa imemvuka, na kichwa kile hakijawahi kuwa na nywele. Akaninong'oneza akiuliza kama huyu si Babu. Nikamwambia ni Babu. Akafikiri kwa muda wa mikandamizo kama mitano hivi. Kisha akatangaza kwa sauti kwamba anapokea zamu, maana kila dakika mbili mkandamizaji lazima abadilishwe. Sikumtegemea. Nakiri.

Tukabadilishana. Tukabadilishana tena. Hapo ndipo nilipogundua kasoro kubwa ya mpango wangu. Kanuni nazijua kwa moyo: huachi kufufua mpaka mgonjwa aamke, au wataalamu wafike, au wewe uishiwe nguvu. Babu haamki. Wataalamu ndio ninaowakimbia. Ilibaki kuishiwa nguvu, na hiyo ilikuwa inakuja mbio.

Dakika ya tisa nikaona viatu vyeupe mbele yangu. Juu ya viatu, Sista Mkufunzi. Ameshika saa yake. Alisimama hapo, anahesabu. Tukaendelea dakika mbili nyingine, Kinyozi na mimi, mbele ya watu zaidi ya mia, hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuacha.

Hatimaye Sista akamwinua Bibi kwa upole na kumwambia asiwe na wasiwasi, mgonjwa huyu ana miaka kumi na moja anakufa hapa chuoni na hajawahi kukosa kazini hata siku moja. Akamvua Babu barakoa. Bibi akautazama uso ule wa mpira. Nilidhani atanipiga na kikapu. Alicheka! Alicheka mpaka akashikiliwa. Alisema hata hivyo ndiye mwanaume bora aliyezungumza naye mwaka huu.

Mlinzi hakucheka. Alisema kwa uchungu kwamba amemwamkia mpira mara mbili.

Sista akaniambia tutaonana Jumatatu. Hilo tu. Ndilo linaloniogopesha.

Jumamosi, tarehe 8

Habari imefika mtaani kabla yangu. Kwa toleo la mama, mzee mmoja alianguka getini na mimi nikamrudisha kutoka ahera. Nilijaribu kumweleza kwamba alikuwa mpira. Akasema nisijishushe.

Mchana Kinyozi akaja nyumbani bila kualikwa, na daftari lake. Mama akampenda papo hapo. Alimtengea kiti cha wageni na mimi nikaambiwa nikae kwenye mto. Kinyozi akaniambia Jumatatu nitapimwa peke yangu, bila yowe la bibi, na mikono itasahau. Kisha akasema jambo la kuudhi: jana nilifanya vizuri kwa sababu sikupata nafasi ya kufikiri.

Nilitaka kumtoa nje. Lakini Babu hayupo, na Jumatatu ipo. Tukaugeuza mto wa kochi kuwa mgonjwa. Alinifundisha kutumia uzito wa mwili badala ya nguvu ya mikono, na kuinuka mpaka mwisho bila kuondoa viganja. Mimi nikamfundisha karatasi. Hajui maneno ya vitabuni, lakini ukimwambia kwamba ubongo bila hewa ni saluni bila umeme, anaelewa kila kitu. Tukacheka sana. Mama aliingia akatukuta tumeupigia magoti mto wake wa kochi, akauliza kama mgonjwa huyo naye alikuwa na baridi mikononi.

Siku nzuri. Sitamwambia.

Jumatatu, tarehe 10

Mtihani. Sista aliniita wa kwanza. Babu mezani, hana koti, ananitazama kama mtu anayejua siri yangu. Sista akatoa sharti: nitaje yale yaliyoandikwa kwenye karatasi tu, na kila neno la ziada ni alama moja chini.

Kila neno! Nilimeza mate. Nilimeza na maelezo ya ubongo, ambayo yalikuwa yameshafika mdomoni. Eneo salama. Babu, unanisikia? Nisaidieni! Nikatazama kama anapumua, nikashika mshipa wa shingo, sekunde kumi. Nikaanza.

Nyekundu. Nyekundu. Moyo wangu ukasimama, wakati uliokuwa mbaya kabisa kwa moyo kusimama. Nikakumbuka mto wa kochi. Uzito, si nguvu. Inuka mpaka mwisho. Kijani! Kijani tena! Nilitaka kushangilia, nikakumbuka sharti, nikashangilia kwa nyusi.

Sabini na nane. Nimefaulu! Kinyozi tisini na tisa, na nadharia amepata sabini. Alinikumbatia hadharani mbele ya geti. Nilimkumbatia pia, bila kuangalia kama kuna mtu anatazama. Naenda wodini! Mama alilia kwenye simu. Akaitoa sare sebuleni, akaipiga pasi upya, akaitundika tena palepale.

Sista alibakiza jambo moja. Kwa kosa la kumtorosha Babu, kila Ijumaa ya muhula mzima nitasafisha sanamu zote za mafunzo. Nilisema nimekubali na nimejifunza. Alinitazama muda mrefu, akasema anatumaini.

Jumatano, tarehe 12

Siku ya pili wodini. Nimetandika vitanda kumi na vinane. Mzee mmoja wa kitanda cha saba alinijibu marahaba kabla sijamwamkia, nikakaribia kulia kwa furaha.

Nimekaa nikaitafakari ile Ijumaa kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimeliona kosa langu. Sikukosea kumtoa Babu. Nilikosea kumtoa mtu mwenye kichwa. Mwenye kichwa husalimiwa, akisalimiwa hutakiwa kuitikia, na hapo ndipo matatizo yote yalipoanzia.

Sasa, mtihani ujao wa vitendo ni wa kuzalisha wajawazito. Kinyozi ameshasema tufanye mazoezi pamoja, kwa zamu, chumbani, kama watu wengine. Ana moyo mzuri lakini hana upeo. Kwa sababu leo Sista amenikabidhi ufunguo wa kabati la sanamu kwa ajili ya usafi, na nimemwona yule mama wa kufundishia kuzalisha. Anaanzia kiunoni, anaishia mapajani. Hana kichwa! Hana hata mkono wa kushikwa!

Shangazi ana sanduku kubwa la safari lenye magurudumu. Nimelipima kwa kamba ya dripu. Yule mama wa mpira anaingia vizuri, na mtoto wake anakaa kwenye mfuko wa pembeni.